Mama Tsiry na Mlango wa Pembeni

Nyumba yangu na ya Mama Tsiry zimetenganishwa na ukuta wa matofali usiofika mabegani, kwa hiyo nikisema namjua sibahatishi. Najua saa anayoamka kwa harufu ya ukoko wa wali anaouchemshia maji ya kunywa. Najua siku anazoingia kazini kwa mlio wa visigino vyake kwenye mawe ya uchochoro, maana siku nyingine zote huvaa ndala. Mume wangu hunicheka. "Wewe ungekuwa polisi," husema, "mji mzima ungelala milango wazi." Mtu mwenye binti mmoja tu lazima aangalie nje.

Jina lake hasa ni Vololona. Lakini hapa Ivato, Madagaska, mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na yeye ana mtoto mmoja wa kiume, Tsiry, anayeishi Ufaransa na mkewe Solène na mtoto wao Lila. Mimi ni Mama Mialy. Mialy wangu bado yuko nyumbani, ingawa amekwisha kubaliwa kwenda kusomea uuguzi kisiwani Réunion, na sanduku lake jipya liko chini ya kitanda. Nikifagia hulivuta, nikafagia palipokuwa, kisha hulirudisha palepale. Sijamwambia mtu kwamba siku moja nilijaribu kulifunga nikaona ni kubwa mno. Sanduku la mtu anayekwenda kusoma tu haliwi kubwa vile.

Tunaishi chini ya njia ya ndege. Zikishuka, vikombe hutetemeka kabatini. Sisi wa mtaa huu hatuzisikii tena, isipokuwa wale wenye mtu ndani yake.

Mama Tsiry alifiwa na mumewe Tsiry akiwa bado anabebwa mgongoni. Akapata kazi ya kufagia ukumbi wa uwanja wa ndege, pale wanapotokea abiria. Alifagia miaka mingi. Tsiry alisoma kwa ufagio ule, akafaulu, akapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na siku aliyoondoka mama yake alikuwa zamu. Aliagana naye akiwa na ndoo ya maji mkono mmoja. Ndivyo alivyonihadithia mwenyewe, na alicheka alipofika kwenye ndoo.

Baadaye ilifunguliwa kampuni ya kuhudumia wasafiri wanaojiweza. Mwenye kampuni, Bi Haingo, ni mwanamke kijana wa mjini, hana mzaha. Aliona kitu kimoja: kila abiria aliyepotea, mzungu au wa kwetu, alikuwa akienda kumwuliza yule mwanamke wa ufagio, akiwapita wenye sare zao waliokaa nyuma ya meza. Akamwita, akampa koti la buluu na kitambaa cha shingoni chenye rangi ya vanila, akamfundisha Kifaransa cha adabu.

"Kazi yangu," Mama Tsiry alikuwa akisema, "ni kupanga foleni kwa niaba ya watu."

Na kweli ndivyo ilivyo. Wageni wakishuka wanamkuta chini ya ngazi ya ndege, ameshika kibao chenye jina lao. Anachukua pasi zao na kuzipeleka dirishani kwa maofisa, wao wanakaa kwenye chumba chenye zulia, wanapewa kitaulo baridi cha kufutia uso na juisi ya stafeli. Mabegi yanaletwa yenyewe. Wenzao wa ndege ileile bado wamesimama na watoto wanaolia, wao wameshafika kwenye gari lenye maji ya kunywa na wanauliza jina la mlima ule.

Msidhani naidharau kazi ile. Nimemwona mwanamke aliyetoka mbali, ana mapacha, amesafiri siku nzima na usiku, akimshika Mama Tsiry mikono yote miwili na kulia kwa raha. Watu wanafika likizoni wamechoka kuliko walivyokuwa kazini. Mama Tsiry alilijua hilo. "Likizo ya mtu huharibikia mlangoni," aliniambia mara moja huku tunaanika nguo, kila mmoja upande wake wa ukuta. "Ukimvusha mlango bila kelele, huko mbele atajifurahisha mwenyewe."

"Na wewe likizo yako utakwenda wapi?" nikamtania.

"Mimi? Nitakwenda kukaa mlangoni niwaangalie wanaonivusha."

Lakini kulikuwa na sehemu moja ya kazi ile ambayo hakuipenda. Sisi mtu wetu akitoka ng'ambo hatumngojei nyumbani. Ukoo mzima unakodi basi, watoto wanavalishwa kofia, shangazi wanabeba sufuria ya wali, na wote tunajipanga kwenye chuma cha kuzuia watu pale nje ya ukumbi. Akitokea tu, anamezwa. Sasa siku hizi wapo wetu wanaorudi na waume wa kizungu au wake wa kizungu, au wamechoka tu, na wanaiomba kampuni iwatoe kwa mlango wa pembeni, ule wa upande wa maegesho. Walale kwanza hotelini, ndugu watawaona kesho. Wamelipa, ni haki yao. Mama Tsiry aliwatoa wengi kwa mlango ule.

Siku moja alimkuta mzee mmoja kwenye chuma, kofia ya majani kichwani, ametoka bara, watu wa basi lake wameshakaa chini. Mzee akamwuliza, "Mwanangu, wewe unatoka ndani. Hukumwona binti yangu? Ana kidoti hapa kidevuni." Na yule binti mwenye kidoti Mama Tsiry alikuwa ndiyo kwanza amefunga mlango wa gari lake upande wa pili. Kanuni ya kampuni ni kwamba habari za mteja hazisemwi. Akamnunulia mzee chai na vitumbua, akasimama naye mpaka akamaliza.

"Ukamwambia nini?" nilimwuliza.

"Nilimwambia chai ni ya moto, anywe polepole."

Hayo alinihadithia zamani. Nayaleta hapa kwa sababu niliyakumbuka baadaye.

Basi Tsiry akapiga simu. Mama Tsiry huishikilia simu mbali na uso, kama anaogopa itammwagikia, kwa hiyo maneno yote hufika kwangu hata nisipotaka.

"Mama, tunakuja! Mimi, Solène na mtoto. Mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba wa mwaka huu?"

"Wa mwaka huu, Mama. Sasa nisikilize. Usije uwanja wa ndege. Tunafika usiku, Lila atakuwa analia, Solène atakuwa hoi. Nimelipia huduma, tena ya kampuni yenu yenyewe, nawe ujisikie. Tutalala hoteli ile ya karibu, asubuhi tunapanda ndege ndogo kwenda kisiwani Nosy Be."

"Asubuhi hiyohiyo?"

"Likizo yetu fupi, Mama. Lakini siku ya kurudi, kabla ya ndege kubwa, tunakuja kwako kula. Mchana mzima!"

"Mchana mzima," akarudia Mama Tsiry. "Shangazi zako wataniuliza."

"Waambie tumechoka. Wakija wote na basi lao Solène atazimia."

"Hatazimia. Atabusiwa tu."

"Ndiyo hivyo atakavyozimia."

Wakacheka wote wawili. Simu ilipokatika aliendelea kuishika palepale hewani.

"Anakuja?" nikauliza juu ya ukuta.

"Anakuja."

"Utampokea wewe?"

"Fara ndiye atakayempokea. Kampuni hairuhusu umhudumie wa kwako. Bi Haingo anasema tutaanza kulia mbele ya wateja." Fara ni msichana aliyeajiriwa juzi, na Mama Tsiry ndiye aliyemfundisha kila kitu, tangu namna ya kushika kibao hadi namna ya kutembea mbele ya mgeni bila kumwacha.

Basi usiku wao wa kufika hakwenda. Asubuhi yake aliniambia aliisikia ndege ikishuka akajua ndiyo. Sikumwuliza alijuaje. Saa ya ndege ndogo ilipofika alikuwa uani na beseni la nguo. Ndege ikapita juu yetu, ndogo, inang'aa. Akainua mkono. Akaniona namtazama, akaupeleka mkono kwenye kamba ya nguo na kuikaza, kamba ambayo haikuwa imelegea.

Wiki ile tuliletewa picha. Mtoto ndani ya maji. Mtoto na komba begani. Tsiry amenenepa, amevaa kofia ya jua. Mama Tsiry alimwonyesha Mialy, Mialy akazikuza kwa vidole viwili, wakatafuta kwenye uso wa yule mtoto pua ni ya nani.

"Ni yako, Mama Tsiry."

"Maskini mtoto."

Kwa siku yao ya kurudi alichukua ruhusa ya siku moja kazini. Akanunua kuku wawili wa kienyeji, wale wenye miguu mikavu, si hawa wa kufugwa kwenye taa. Mimi nilisaidia kupika kisamvu na nyama ya nguruwe, Mialy akachambua mchele.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu kuku hakatwi ovyo. Kile kipande cha nyuma, mkia na nyama yake nono inayouzunguka, ni cha mzazi. Lakini mzazi hajichukulii. Mtoto ndiye anayekishika kwa mikono miwili na kumpa mama yake au baba yake mbele ya watu, iwe ameshakuwa mkubwa, iwe ametoka mbali. Tunakiita vodiakoho. Asiyekuwa na mtoto karibu hakigusi. Tangu Tsiry aondoke, Mama Tsiry akichinja kuku kipande kile alikuwa akimpa paka. Paka mnono kuliko wote mtaani ni wa kwake.

Siku ile alipika kuku mmoja kwa tangawizi, na wa pili kwa nyanya, kwa ajili ya yule mkwe ambaye hatukujua tumbo lake. Vipande vile viwili akaviweka juu kabisa, kimoja katika kila sufuria.

"Tsiry atakumbuka?" nikamwuliza. Mdomo wangu huu.

"Tangu hajaota meno alikuwa akinipa. Nilikuwa namshika mkono namwongoza." Akapangusa ukingo wa sufuria. "Mkono hausahau."

Meza ilitandikwa kitambaa cheupe. Viti viwili vilikuwa vimetoka kwangu. Tulikuwa tumevaa, tumekaa, wali umefunikwa, na mchana ulianza kusogea. Mialy alitoka mara tatu kuangalia uchochoroni. Kisha simu ikalia.

"Mama! Usihangaike, kila kitu kiko sawa!"

Mtu akianza hivyo, moyo wangu huwa umeshashuka.

"Ndege ndogo ilichelewa kuondoka, ndiyo kwanza tunapanda. Tungeachwa na ile kubwa, nakwambia, tungeachwa! Lakini wenzako ni hodari ajabu. Fara amepanga yote. Tukitua tu wanatuchukua, tunapitia kile chumba dakika chache pasi zigongwe, moja kwa moja kwenye ndege. Hata ukumbini hatupiti. Solène alikuwa analia, sasa anacheka."

"Na chakula?"

Nyuma yake nilisikia mtoto akiomba kitu.

"Mwakani, Mama. Nakuahidi."

"Vizuri," akasema Mama Tsiry. "Mvalishe mtoto soksi. Ndani ya ndege kuna baridi."

Akaweka simu mezani, katikati ya sahani. Akatuambia mimi na Mialy, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, "Njia hiyo Fara nilimfundisha mimi."

Nilidhani atakaa. Aliingia chumbani, akatoka amevaa koti la buluu juu ya gauni lake la sikukuu, kitambaa cha vanila shingoni, kitambulisho kifuani. Akachukua bakuli lenye kifuniko, akatia kile kipande cha kuku wa tangawizi, kimoja tu, na mchuzi kidogo. Akalifunga kwa kitambaa.

"Nakusindikiza," nikasema.

"Visigino vyako haviwezi."

"Nimevaa ndala."

Tukaenda. Kwetu na uwanja si mbali, lakini sijawahi kutembea vile tangu nilipokuwa mjamzito nakimbilia kujifungua. Kwenye mlango wa wafanyakazi alikuwapo mlinzi, Rangita, mtu wa utani.

"Mama Tsiry, leo si zamu yako."

"Nimebadilishana."

Bakuli likapita kwenye mashine. Rangita akaitazama picha yake. "Huyu ni kuku?"

"Ni kuku."

"Anasafiri daraja la kwanza?"

"Rangita, mwanangu, nifungulie."

Nadhani hakuwahi kumwita mwanangu, kwa sababu yule aliacha utani akafungua. Mimi nikabaki nje. Nilizunguka mpaka kwenye chuma cha kungojea abiria. Palikuwa na ukoo wa watu umejipanga, wana sufuria, wananiuliza kama ndege ya fulani imeshuka. Nikawaambia sijui.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Fara, na machache na mwenyewe.

Tsiry na watu wake walikuwa wameketi kwenye chumba chenye zulia. Solène alikuwa anakung'uta mchanga kwenye viatu. Tsiry ameinamia simu. Mama Tsiry akaingia, na kwa mazoea akaenda kusimama pale wanaposimama wahudumu, ukutani, mikono imefungwa mbele, bakuli ndani ya mikono. Hakuna aliyemtazama. Fara anasema koti lile ndivyo lilivyo, watu wanaona kitambaa tu. Aliyemtazama ni mtoto.

"Madamu," akasema, "naomba juisi."

Mama Tsiry akaweka bakuli, akaenda kumletea juisi. Na mrija. Akainama, akamshikia glasi mpaka akapata mrija kwa mdomo. Ndipo Tsiry alipoinua macho.

"Mama!" Akaruka, simu ikaanguka kwenye zulia. Akamkumbatia mpaka kofia ya jua ikamdondoka. "Mama! Mbona umevaa hivi?"

"Bila hivi nisingepita."

Solène akaja na kiatu kimoja mguuni, akambusu shavu hili na hili na hili tena. Fara anasema aliyeelekea kuzimia si mkwe, ni Mama Tsiry. Kisha Tsiry akamwinua mtoto. "Lila, huyu ndiye bibi yako."

Mtoto akaacha mrija. "Siye. Bibi wa kwenye simu anavaa shuka."

Mama Tsiry akafungua kile kitambaa cha shingoni, akakitandaza mabegani kama tunavyojitanda sisi lamba zetu, zile shuka za mabegani. Ni kidogo, hakifiki hata kwenye viwiko.

"Na sasa?"

Mtoto akamkagua. "Kidogo," akasema.

Wote wakacheka. Dirishani afisa alikuwa anagonga mihuri. Basi Mama Tsiry akachukua bakuli, akafungua kitambaa, akamwekea mwanawe mkononi, akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima, mikono imekunjwa mbele. Akangoja.

Fara ni mtoto wa kwetu. Alijua mara moja kinachongojewa.

Tsiry akafunua kifuniko. Harufu ya tangawizi ikajaa chumba kile ambacho siku zote hunukia kitaulo cha mgeni. Akafumba macho. "Mama wewe," akasema. "Tangu asubuhi tumekula biskuti tu." Akakichukua kile kipande kwa vidole, akaking'ata.

"Nilitaka kumkanyaga mguu," Fara aliniambia. "Nilimsogelea kabisa. Mama Tsiry akanitazama. Nikarudi ukutani."

Tsiry alikula kwa raha, anaguna kama mtoto. Akanyofoa nyama nono akampa Lila, Lila akasema ni laini kama peremende. Solène akaonja mchuzi kwa kidole. Mama Tsiry alimwangalia mwanawe anavyotafuna. Alimwangalia mpaka mfupa ulipokuwa mweupe. Kisha akachukua kibanio cha kushikia vitaulo, akainua kitaulo baridi kutoka kwenye sinia, akampa apanguse mikono.

Bi Haingo akachungulia mlangoni kusema muda umefika. Akamwona Mama Tsiry aliye likizo, akaona bakuli, mifupa, kitambaa cha kampuni kilivyotandazwa mabegani. Akasema, "Muda umefika," akaondoka bila kusema lingine. Ndiyo maana nasema hana mzaha, lakini sisemi hana moyo.

Mama Tsiry akawasindikiza mwenyewe, Fara akabaki nyuma na mabegi ya mkononi. Mtoto alimpa mkono. Chini ya ngazi walikumbatiana tena, na watu wengine wakawa wanapita. Wahudumu wana maneno yao ya kumuaga mgeni, wanafundishwa siku ya kwanza. Mama Tsiry akajisikia anayasema. "Asanteni kwa kusafiri nasi. Karibuni tena Madagaska."

"Mwakani, Mama!" akajibu Tsiry kutoka juu. Na Mama Tsiry anasema mwanawe alikuwa na furaha, uso wake ulikuwa umepumzika, hata makunyanzi ya kwenye picha hakuwa nayo. Likizo yake ilikuwa imekwisha vizuri.

Mimi pale kwenye chuma niliiona ndege ikiinuka. Wale wenye sufuria hawakuitazama, wao wanamngoja anayekuja. Baadaye Mama Tsiry akatokea. Hakutokea kwa mlango wa wafanyakazi wala ule wa pembeni. Alitokea palepale wanapotokea watu wote, peke yake, ameshika bakuli tupu. Watoto wenye kofia wakanyanyuka kumtazama, wakaona siye, wakakaa.

"Amekula?" nikauliza.

"Amekula."

"Alikumbuka?"

Tulikuwa tumeshaanza kutembea. "Alikuwa na njaa," akasema.

Nyumbani Mialy hakuwa ameondoa kitu mezani, viti vya wageni vilikuwa vimekaa vilevile. Nilitaka kumwambia Mama Tsiry akalale, chakula tutakihifadhi. Akasema, "Tule. Wali haupikwi kutazamwa." Akavua koti akalitundika vizuri, akajitanda lamba lake, akakaa. Fara akaja alipotoka zamu, ndipo aliponivuta uani na kunisimulia, kisha naye akakaa. Basi viti havikubaki vitupu vyote.

Mialy ndiye aliyepakua. Akafika kwenye sufuria ya pili, ile ya nyanya, na kile kipande bado kilikuwa juu. Akasita. Kisha akakiweka kwenye sahani safi, akaishika kwa mikono miwili, akazunguka meza mpaka kwa Mama Tsiry, akainama kidogo kama nilivyomfundisha. Nilimwona alivyo mkubwa. Nilifikiri, kumbe nimelea mtu.

Mama Tsiry akaitazama sahani. Akamtazama Mialy usoni, muda mrefu kuliko ilivyo kawaida kumtazama mtoto wa mtu. Akaisukuma sahani kwa ncha za vidole, taratibu.

"Mpe mama yako," akasema. "Mpe ukiwa bado upo."

"Mama Tsiry, leo ni yako—"

"Mialy. Mpe mama yako."

Mialy akageuka. Akaja upande wangu. Sahani ilikuwa inatikisika kidogo mikononi mwake, au ni ndege nyingine iliyokuwa inashuka, maana vikombe kabatini navyo vilianza.

"Mama," akasema. "Chako hiki."

Nikakipokea. Nikakiweka mbele yangu na sikujua nianzie wapi. Paka alikuwa amekaa mlangoni, amekunja mkia miguuni, anangoja kama alivyozoea. Fara akainamia wali wake.

"Kula, Mama Mialy," akasema Mama Tsiry, huku akijitilia maji ya ukoko kwenye kikombe. "Kinapoa."